Misuli haijengwi kwa chai na biskuti

Mwaka jana nilinyanyua vyuma miezi minne hapa Uingereza, na mizani haikusogea. Kazini mikono ilinitetemeka nikimgeuza mgonjwa kitandani. Mama akiniona kwenye video anauliza: "Mwanangu, mbona umekonda? Huko hakuna chakula?"

Chakula kipo. Ila kwenye zamu ya saa 12 nilikuwa nashindia chai na biskuti, kisha nakula sahani moja kubwa usiku. Na ndiye mimi ninayewabembeleza wagonjwa wamalize chakula chao!

Nikapiga hesabu. Anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Nina kilo 60, kwa hiyo gramu 96 hivi. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa 8.

Sasa Jumapili napika maharage ya nazi na kuku, nagawa kwenye vyombo vya siku nne. Kabla ya kutoka nakula mayai matatu na mkate, na maziwa. Mfukoni naweka karanga. Mapumziko ni wali, maharage na kuku. Wali usiuache, misuli inahitaji nguvu pia. Usiku, ugali na samaki.

Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Mikono imetulia. Mama bado anasema nimekonda, lakini huyo ni mama.