Nafuu ya ushuru ni ya mwenye mkopo. Wewe unayejenga polepole je?

Ndugu yangu wa Maua, dada yangu wa Runyenjes, hebu tuulizane. Nyumba ya kwenu ilijengwaje? Benki ilihusika wapi? Watu wetu hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, miraa ikilipa au bonasi ya chai ikiingia unapiga mabati. Madirisha yanaweza kukaa na magunia miaka miwili na watu wanalala humo.

Sasa angalia serikali inamsaidia nani kupata nyumba ya kwanza.

Ukiwa na mkopo wa nyumba unayoishi, sheria ya ushuru wa mapato inataka riba unayolipa iondolewe kwenye mapato yako kabla ya kukatwa PAYE. Kiwango kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka, na tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 360,000. Kwa mtu anayekatwa asilimia 30, hiyo ni 9,000 inayobaki mfukoni kila mwezi. Si haba! Lakini mikopo ya nyumba Kenya nzima ni kama 30,000 tu, na wastani wa mkopo mmoja unapita milioni 9. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.5 Meru peke yake, na zaidi ya 600,000 Embu. Kwa mtaa wako unamjua nani mwenye mkopo kama huo?

Mchukue bawabu wa pale Makutano anayelipwa 24,000. Kwa mshahara huo PAYE yake ni sufuri, kwa hivyo nafuu ya ushuru haimgusi. Utapunguziwaje kitu ambacho hulipi? Lakini tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 haijali hayo. Yeye anakatwa 360 kila mwezi, na mwajiri anaongeza 360 nyingine. Anachangia nyumba, ila kwenye nafuu jina lake halimo.

Akienda hadiwea ndiyo utashangaa. Saruji, mabati, misumari, rangi, kote kuna VAT ya asilimia 16. Vifaa vya shilingi 300,000 vinamtoa 48,000 za ushuru juu yake, na hakuna anayemuuliza kama hiyo ni nyumba yake ya kwanza.

Ushuru wa stempu ni hadithi hiyo hiyo. Anayenunua nyumba yake ya kwanza kwenye mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu amesamehewa. Wewe unayenunua ploti mjini Embu kwa 800,000 ili ujijengee, unalipa asilimia 4, yaani 32,000. Mashambani ni asilimia 2. Wote wawili wanatafuta paa la kwanza, kwa nini mmoja asamehewe na mwingine atozwe?

Na kuna jambo linalotugusa sisi Waislamu moja kwa moja. Nafuu ile kubwa inahesabiwa kwa riba. Anayekwepa riba kwa sababu ya dini yake, akajenga kwa pesa taslimu na chama cha mtaani, hana riba ya kuonyesha. Jirani yake Mkristo wa Manyatta anayejenga kwa pesa ya kahawa naye hana. Hapo tuko pamoja.

Najua tutaambiwa, "Jisajilini Boma Yangu." Sawa, jisajili, hasa wewe unayepanga chumba kimoja Dallas au Majengo. Lakini utatakiwa kuweka akiba ya sehemu ya bei kwanza. Na yule wa Igembe mwenye kipande cha shamba la babake hahitaji ghorofa mjini, bana. Anahitaji mabati.

Tunachodai ni kwamba anayejenga nyumba yake ya kwanza arudishiwe VAT ya vifaa hadi kiwango fulani, kwa risiti za eTIMS na barua ya chifu. Na msamaha wa stempu ufike kwenye ploti ya kwanza pia.

Mswada wa Fedha hufika Bungeni kabla ya Aprili 30 na hupitishwa kabla ya Juni 30. Katikati hapo Bunge linatakiwa kupokea maoni yetu, ya maandishi hata. Kwa hivyo risiti za hadiwea usizitupe. Kama unazo za miaka mitatu, piga hesabu ya VAT uliyolipa, na hiyo namba ndiyo uiandike mstari wa kwanza.