Harusi: Tupike Wenyewe au Tutafute Wapishi?

Kiangazi kinapokaribia hapa Tukuyu na katika vijiji vya Rungwe, kadi za michango huanza kutembea nyumba hadi nyumba. Ndipo linapozuka swali lile lile katika vikao vya kamati: kazi tuifanye wenyewe, au tuwape wenye kazi yao? Shangazi wa bibi harusi husema kukodi mpishi ni kutupa fedha wakati majirani wapo. Mama mdogo naye husema tukipika wenyewe tutaaibika mbele ya wakwe. Sisi ambao siku za kazi tuko wodini na siku za harusi tuko jikoni kanisani, tunaona kila mmoja ana ukweli wake. Swali hili halina jibu moja. Lijibiwe kazi moja baada ya nyingine.

Tuanze na tulicho nacho. Ndizi, viazi, maharage na maziwa vinatoka hapa hapa, na mchele wa Kyela hauko mbali. Majirani pia tunao. Mama anayefika na mkungu wa ndizi kichwani na kisu chake cha kumenyea hakuleta chakula tu. Amekuja kuozesha pamoja nawe. Ukikodi kila kitu, mama huyo atakaa kwenye kiti kama mgeni, na siku yake ya shughuli au ya msiba ataona haya kukuita. Kwa hiyo kumenya, kuchambua mchele, kusonga ugali, kuchota maji, kupamba kanisa kwa maua ya bustanini na kupokea wageni ni kazi za kubaki mikononi mwetu.

Lakini chakula cha watu 300 si chakula cha nyumbani kilichozidishwa. Hapa twasema kama wauguzi. Mara nyingi wali na nyama huivishwa alfajiri, ibada huanza saa 4 asubuhi, picha huchukua muda wake, na wageni hula saa 12 jioni. Wengi hudhani baridi ya Tukuyu inatunza chakula. Haitunzi. Sufuria kubwa ya wali hubaki na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi, na uvuguvugu huo ndio vijidudu huupenda. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, isipokuwa kinatunzwa kikiwa moto kabisa, zaidi ya nyuzi 60. Na kupasha moto baadaye si dawa ya yote, kwa sababu sumu iliyokwisha kutolewa na baadhi ya vijidudu haifi kwa moto. Wa kwanza kuumia huwa watoto, wazee na wajawazito, na kwetu hao ndio hujaza viti vya mbele.

Kwa hiyo jiulizeni: je, tuna watu wa kupika kwa zamu, ili chakula kiive karibu na saa ya kula? Tuna vyombo vya kukitunza kikiwa moto? Tuna maji safi na sabuni ya kutosha? Mwenye kidonda mkononi au anayeharisha atapewa kazi nyingine bila kuonewa haya? Kama jibu ni ndiyo, pikeni. Kama ni hapana, tafuteni mpishi wa kazi hiyo, naye aonyeshe cheti cha kupimwa afya.

Mpishi akitoka mbali, mkumbusheni jambo moja. Tukuyu iko juu, kama mita 1,500 toka usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100. Maharage na nyama ngumu huchelewa kuiva. Mpishi hodari wa Dar es Salaam anayepanga muda wake wa kule atawalisha wageni maharage yanayogonga meno.

Tena, kabla ya kukubali bei, hesabuni bei yote. Toka Mbeya mjini hadi Tukuyu ni kama kilomita 70. Mpambaji au mwenye muziki atadai nauli, chakula na pengine mahali pa kulala. Andikeni mapatano: tarehe, idadi ya sahani, malipo ya kwanza, nani analeta kuni na maji, na itakuwaje mvua ikinyesha. Mvua za Rungwe hazina haya, hata kiangazi. Turubai zima lisilovuja ni bora kuliko maua ya plastiki. Upande wenu nanyi hesabuni: kilo 1 ya mchele hutosha watu 8 hivi penye mboga na nyama, basi watu 240 wanahitaji kilo 30. Mkijua hesabu hiyo, hakuna atakayewauzia kilo 60.

Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai taarifa ya ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na mashahidi wawili. Keki haimo. Mkikopa, msikope kwa ajili ya mambo yasiyodaiwa na sheria wala na kanisa, huku wana wenu wakianza maisha bila godoro.

Mwisho, mama mzazi. Tunawaona mama wengi ambao siku ya harusi ya binti hunusa moshi tu, na kiapo husimuliwa na wengine jioni. Hata kule Kana palikuwa na mkuu wa karamu na watumishi wa kujaza mabalasi. Mteueni mama mmoja asiye mzazi, mwenye kuheshimika, awe msimamizi wa jiko, naye ashike funguo za stoo na daftari. Kama kazi imewazidi wote, basi hapo ndipo pa kutoa fedha. Katika kikao kijacho cha kamati, liwekeni jambo hili la kwanza kwenye ajenda: siku hiyo, saa 4 asubuhi, mama wa binti atakuwa amekaa wapi?