Kansa: dawa inatoka ndani ya udongo, faida inakwenda wapi?

Doksorubisini, dawa nyekundu ambayo wagonjwa wengi wa kansa ya matiti wanatiliwa katika mshipa, ilitokana na bakteria wa udongo uliochukuliwa karibu na Castel del Monte, kusini mwa Italia, katika miaka ya 1950. Jina lake lingine, Adriamycin, linakumbusha bahari ya Adriatic iliyo jirani.

Kazi yenyewe inaanza kwa vitu vidogo. Udongo kidogo unachanganywa na maji, maji yale yanaongezewa maji mengine mara nyingi, kisha tone linapakwa juu ya chakula cha bakteria. Baada ya siku kadhaa wanaota Streptomyces, wale wale wanaoupa udongo harufu yake mvua ikinyesha. Kila mmoja analishwa peke yake, na maji yake yanajaribiwa juu ya seli za kansa. Kigumu ni kutambua kinachoua seli hizo: mara nyingi ni kitu cha zamani, kama aktinomisini, ambayo Selman Waksman na Boyd Woodruff waliipata Marekani mwaka 1940.

Lakini kisa kinachogusa zaidi inchi kama yetu ni cha kisiwa cha Rapa Nui. Wakanada walichukua udongo pale mwaka 1964. Huko Montreal ukatoa rapamisini, na kutokana nayo zikatengenezwa dawa za kansa ya figo. Wenyeji wa kisiwa hawakupata kitu.

Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ambao RDC ni mwanachama wake, unadai ruhusa na mgawanyo wa faida. Shida ni kwamba leo hakuna lazima ya kusafirisha mfuko wa udongo. Jeni za bakteria zinasomwa na kutumwa kwa kompyuta. Ndiyo sababu mwaka 2024, huko Cali, Kolombia, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko wa fedha. Kampuni kubwa zinaombwa 1% ya faida ao 0,1% ya mauzo, na angalau nusu ipewe wenyeji. Zinaombwa tu, hazilazimishwi.

Kwa Kivu ao Ituri, basi, Cali haitoshi. Udongo wetu ukitambuliwa katika maabara ya nje, hati ya uvumbuzi nayo itaandikwa nje, isipokuwa makubaliano yametiwa sahihi kabla ya mtafiti kushika jembe.