Goma yahitaji wahandisi wa mazingira, lakini njia ya kufikia masta bado ni nyembamba

Kila asubuhi, katika kartie nyingi za Goma, wamama na watoto hushuka Ziwa Kivu na bidoni kuteka maji. Ziwa liko mlangoni, lakini maji safi ni shida ya kila siku. Mji huu wenye vyuo vikuu na vijana wengi waliosoma bado una upungufu wa wataalamu wa ngazi ya juu katika uhandisi wa mazingira, yaani ufundi wa maji safi, maji machafu, takataka na hewa.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, Kongo imeingia katika mfumo wa LMD: miaka 3 ya lisansi, 2 ya masta na 3 ya udaktari. Zamani mwanafunzi alifanya miaka 3 ya gradua, kisha 2 ya lisansi. Kwenye karatasi, mabadiliko hayo yanaonekana madogo. Lakini masta ya uhandisi haifundishwi kwa chaki na ubao peke yake. Inahitaji maabara ya kupima maji, vifaa vya kwenda navyo kazini, na maprofesa wenye udaktari wa kusimamia utafiti.

Maprofesa wa kupita

Hapo ndipo shida inapoanzia. Kwa miaka mingi vyuo vya mashariki vimetegemea maprofesa wageni wanaotoka Kinshasa, Kisangani au Lubumbashi. Profesa anafika, anafundisha kozi yake kwa siku chache, kisha anarudi kwake. Mwanafunzi anayeandika kazi ya utafiti anabaki bila mtu wa kumfuatilia kwa karibu.

Vita vimezidisha ugumu huo. M23 ilipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Kwa familia nyingi, kupata pesa ya minervali kukawa safari. Kwa chuo, kumleta profesa kutoka Kinshasa kukawa mzunguko wa kupitia nchi jirani.

Wenye uwezo, au wenye bahati ya kupata basi ya masomo, huangalia nje. Kinshasa kuna ERAIFT, shule ya masomo ya juu kuhusu misitu na maeneo ya tropiki. Ouagadougou, nchini Burkina Faso, kuna taasisi ya 2iE inayofundisha uhandisi wa maji na mazingira kwa Kifaransa. Arusha, nchini Tanzania, kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambako lugha ya masomo ni Kiingereza, kizuizi kwa aliyesoma Kifaransa tangu shule ya msingi. Tlemcen, nchini Algeria, Chuo Kikuu cha Afrika kina taasisi ya maji na nishati.

Mji ambao ni maabara

Jambo la kusikitisha ni kwamba maswali ya kutafiti yako Goma kwenyewe. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, na kuchimba choo kirefu ni kazi ngumu. Mji hauna mfumo wa mabomba ya maji machafu, na wakati wa mvua uchafu hutelemka kuelekea ziwa lile lile ambako watu huteka maji. Kipindupindu kinajua njia hiyo vizuri.

Karibu na Nyiragongo, moshi wa volkano huongeza floridi katika maji ya mvua, ambayo wakaaji wengi huyakinga kutoka kwenye mabati. Kuna mazuku, hewa nzito ya kaboni inayojikusanya mabondeni na kuua watu na mifugo. Plastiki inayotupwa ziwani husafiri hadi Bukavu na kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi.

Kuna pia gesi. Chini ya Ziwa Kivu kumekadiriwa kuwa na kilomita za ujazo 60 hivi za metani na 300 hivi za gesi ya kaboni. Rwanda inazalisha megawati 26 kupitia kiwanda cha KivuWatt, huku upande wa Kongo hakuna kiwanda cha namna hiyo kinachotoa umeme. Maji yaliyokwisha kutolewa gesi lazima yarudishwe ziwani katika kina kinachofaa, la sivyo matabaka ya ziwa yanaweza kuvurugika. Nchi isiyo na wataalamu wake itajadili jambo hilo kwa kutegemea hesabu za wengine.

Bei ya kutegemea wengine imeshaonekana. Ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, ulimalizika mwaka 2020. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka bila wakaaji kuonywa. Lava iliteketeza maelfu ya nyumba, ikaharibu pia mabomba ya maji, na sehemu kubwa ya mji ikakauka.

Baada ya mashirika

Vijana wachache waliopata masta mara nyingi huajiriwa na mashirika ya misaada. Kazi yao huwa ya dharura: malori ya maji, klorini kando ya ziwa, vyoo vya muda katika kambi. Kazi hiyo huokoa maisha, lakini mkataba ukiisha, ujuzi huondoka na mradi. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa zaidi wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilipokata fedha mwaka 2025, udhaifu huo ulionekana wazi.

Kusubiri amani ndipo masomo yaanze kungemaanisha kupoteza kizazi kizima. Vyuo vya Goma na Bukavu vinaweza kushirikiana maabara badala ya kila kimoja kutafuta yake, na kazi za utafiti zinaweza kuelekezwa kwenye maswali ya Regideso, OVG na manispaa. Goma ya kesho itahitaji kujengwa upya, na anayejua kiwango cha floridi katika maji yake, au mahali pa kupitisha maji machafu juu ya lava, ni lazima awe ameanza kusoma leo.