Mahindi Kutoka kwa Hasimu
Wiki hii nimeitazama sana picha moja ya mwaka 1922: watoto wa bonde la Volga nchini Urusi wakati wa njaa kuu, nguo zimechakaa, kila mmoja kakumbatia bakuli lake, wanangoja chakula cha Wamarekani. Wakati huo Marekani haikuitambua serikali ya kikomunisti ya Lenin huko Urusi. Herbert Hoover, waziri wa biashara wa Marekani, aliuchukia ukomunisti waziwazi, lakini mwandishi Mrusi Maxim Gorky alipopiga yowe la kuomba chakula Julai 1921, Hoover aliitikia; mwaka uliofuata shirika lake la misaada lililisha watu wapatao milioni 10 kwa siku. Tumbo tupu halina chama. Mimi ni mzazi, picha ile inaniuma. Anayezuia msafara wa chakula ili kumkomoa hasimu anapigana na watoto. Meli za mahindi ya Marekani zilitia nanga Urusi miaka 11 kabla nchi hizo mbili hazijabadilishana mabalozi.