Mboga ni Nini Katandala?

Mtumishi wa umma aliyekariri somo lake kitabuni akisimama Katandala, mjini Sumbawanga, akawahimiza akina mama wawape watoto mboga kila siku, ataitikiwa kwa moyo mmoja. Lakini huenda hakueleweka. Yeye anakusudia majani. Ufipani, kama katika sehemu nyingi za Bara, mboga ni kitoweo chochote cha kulia ugali: maharage, nyama, hata migebuka ya Ziwa Tanganyika. Mama aliyepika maharage siku saba mfululizo ametii agizo.

Hilo si jambo la mzaha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Sisemi neno moja ndilo lililowadumaza. Nasema hatuna nafasi ya kupoteza ushauri njiani.

Wala Kiswahili hakiko peke yake. Kweli, Mkenya akisema "bibi yangu" mara nyingi anamtaja mkewe, ambapo sisi tunafikiri habari za mama mzaa mama. Lakini hata Kihispania kina neno guagua: Cuba ni basi, Chile ni mtoto mchanga!

Lawama yangu naielekeza kwetu sisi tuliosoma, tunaokimbilia kumcheka mwananchi. Mwanafunzi wa Katandala akiandika kwamba samaki ni mboga, mwalimu asimkate alama kabla ya kumwuliza. Na ofisa aseme "mboga za majani", kisha autaje mchicha na majani ya maboga kwa majina yake.