Hita Kongwe ya Bafuni Si Jambo la Kuvumilia



Julai tulimpeleka mwari wetu kwa mumewe Old Moshi, kule juu kwenye migomba na kahawa. Sisi wa visiwani tulikutana na maji yanayouma hadi mifupa. Alhamdulillah, bafuni palikuwa na hita ya shawa. Mama mkwe, Mungu amzidishie, akatuusia kwa upole: "Wanangu, mkiingia kukoga vaeni kandambili, na koki msiishike kwa mkono. Inapiga kidogo."

Inapiga kidogo! Nyaya zimezungushiwa tepu iliyoungua, na waya wa ethi, ule wa kijani na njano, umekatwa. Nyumba nzima imezoea.

Wiki ya pili mwari akatupigia simu analia. Josho analichelewesha kwa hofu, na alfajiri mbili zimempita. Kuomba hita mpya anaona haya, asije akaambiwa kaja na maringo ya Unguja.

Sisi tunasema hayo si maringo. Dini yetu haikumtaka mtu ajidhuru kwa ajili ya josho. Amr bin al-'Aas, radhi za Allah ziwe juu yake, alihofia nafsi yake usiku wa baridi kali katika msafara wa Dhaat as-Salaasil, akatayamamu na kuswalisha wenzake. Mtume ﷺ alipoelezwa, alicheka wala hakumkemea. Lakini mwenye uwezo wa kupasha maji hana ruhusa hiyo. Basi kupata maji moto kwa usalama ni sehemu ya kuisimamisha swala.

Wapo wanaosema hita inakula Luku. Ya wati 5,500 ukikoga dakika kumi inatumia uniti moja kasoro. Si bure, lakini haifanani na thamani ya roho. Na kama fedha hazipo, ichomolewe kabisa, maji yachemshwe jikoni, tukoge kwa ndoo na kata. Kuendelea na ile inayopiga ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Mkibadilisha, msibadilishe kichwa cha shawa tu. Hita hiyo inavuta karibu ampia 24, na waya wa taa hauwezi mzigo huo. Fundi mwenye leseni avute laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 6, na breka yake. Ethi iwepo na ipimwe. Kiwekwe na kifaa cha miliampia 30 kinachokata umeme ukivuja. Swichi ikae mahali mkono wenye maji haufiki.

Na maneno je? Mwari asiseme "hita yenu mbovu." Mume ndiye azungumze na mama yake. Sisi tulikuwa tumepanga kupeleka seti ya pili ya vyombo. Tukaiacha, tukatoa hita na ujira wa fundi, tukasema ni zawadi ya mama mkwe.

Juzi mwari katuambia mama mkwe ndiye wa kwanza kukoga. Katoka bafuni miguu mitupu, kandambili kazishika mkononi, anacheka.

Dada unayefunga sanduku la harusi, kabla ya kununua mapazia, uliza kwanza hali ya bafuni.